Paka Watano wa Marion: Jinsi Wanyama wa Kuletwa Wanavyomaliza Ndege wa Visiwani

Mwaka 1949 wafanyakazi wa kituo cha hali ya hewa cha Afrika Kusini katika kisiwa cha Marion walikuwa wamechoshwa na panya. Wakatafuta suluhisho ambalo kila mwenye nyumba analijua: wakaletewa paka. Paka watano.

Marion iko kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, takriban kilomita 2,000 kutoka Cape Town. Ni kisiwa cha volkano chenye ukubwa wa kilomita za mraba 290 hivi, hakina mti, hupigwa na upepo mwaka mzima na hakijawahi kuwa na wakazi wa kudumu. Wenyewe wa kisiwa hicho ni ndege: pengwini, albatrosi na petreli wa aina nyingi, ambao huishi baharini na kurudi nchi kavu kwa ajili ya kutaga na kulea. Paka wale walikuta karamu. Petreli wadogo hutaga ndani ya mashimo ardhini, huingia na kutoka usiku, na wakiwa chini hawana mbio wala silaha ya kumkabili mnyama mwenye kucha. Kufikia mwaka 1975 paka wa Marion walikuwa wamefika takriban 2,000, na watafiti walikadiria kwamba walikuwa wakiua ndege wapatao 450,000 kila mwaka. Panya, ambao ndio waliosababisha paka waletwe, walikuwa bado wapo.

Kilomita 20 hivi kutoka hapo kuna kisiwa kidogo zaidi, Prince Edward. Hali yake ya hewa ni ile ile, na bahari inayokizunguka ni ile ile. Hicho hakikupata paka wala panya. Petreli-mzamiaji, ndege mdogo mnene anayewinda kwa kuzama majini, alitoweka Marion lakini akaendelea kuzaliana Prince Edward. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi kuliko huo.

Ndege wasiomjua adui wa miguu minne

Visiwa vya namna hii havikuwahi kuunganika na bara. Mnyama wa nchi kavu asiyeweza kuruka wala kuogelea mbali hakuwa na njia ya kufika. Kwa maelfu ya vizazi, maadui pekee wa ndege waliotaga huko walitoka angani, kama vile skua, au baharini. Kwa hiyo ndege hao wamejifunza kujilinda na kinachotoka juu. Petreli amejifunza kuchimba shimo na kusubiri giza. Albatrosi amejifunza kukaa imara juu ya kiota chake na kugonganisha mdomo kumtisha anayesogea. Kwa mnyama anayenyemelea usiku kutoka kwenye majani, mbinu hizo hazifui dafu.

Jambo la pili ni mwendo wa maisha yao. Albatrosi mkubwa wa Marion, ambaye mabawa yake yakinyooshwa hufikia mita 3 na zaidi, hutaga yai moja tu kila baada ya miaka miwili. Yai huatamiwa kwa takriban siku 78, kisha kinda hukaa kiotani miezi tisa au kumi, akivumilia majira yote ya baridi ya kusini huku wazazi wakienda mbali baharini kumtafutia chakula. Akishaondoka hatarudi kuzaa mpaka akaribie miaka kumi. Kuku akipoteza vifaranga wote leo, mwezi ujao ataatamia tena. Albatrosi akipoteza kinda mmoja, miaka miwili imekwenda.

Umri mrefu wa ndege hawa nao huficha maafa. Katika kisiwa cha Midway, kwenye Bahari ya Pasifiki, kuna albatrosi jike anayejulikana kwa jina la Wisdom. Alivishwa pete mguuni mwaka 1956, na mwishoni mwa mwaka 2024 alionekana tena akiwa ametaga yai. Watu wazima wakiishi hivyo, kisiwa kinaweza kuonekana kimejaa ndege kwa miongo kadhaa ilhali makinda hawakui. Siku wazee wanapoanza kufa ndipo pengo linapoonekana.

Wanyama hawa wa kuletwa walifuata njia za meli. Panya mweusi, ambaye asili yake ni Asia, amesafiri katika majahazi na merikebu kwa zaidi ya miaka elfu moja; mifupa yake imechimbuliwa na wanaakiolojia Unguja Ukuu, bandari ya kale ya Waswahili. Baadaye wawindaji wa sili na nyangumi walimpeleka yeye na ndugu zake hadi bahari za kusini. Leo panya wa aina mbalimbali wamefika katika zaidi ya asilimia 80 ya makundi ya visiwa duniani. Paka, nguruwe na mbuzi walishushwa kwa makusudi, wengine ili mabaharia wapate kitoweo, wengine kwa imani ile ile iliyowafikisha paka watano Marion.

Panya mdogo na kinda wa kilo kumi

Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba hatari ni paka na panya wakubwa. Panya mdogo wa nyumbani, yule anayetoshea kwenye kiganja cha mtoto, hakuhesabiwa. Kisiwa cha Gough kiliwafundisha vingine.

Gough ni milki ya Uingereza iliyo kusini mwa Bahari ya Atlantiki. Wawindaji wa sili walifikisha panya wa nyumbani huko katika karne ya 19, na kwa kuwa hawakuwa na mpinzani wala adui, vizazi vyao viliongezeka umbo hadi wakawazidi kwa mbali jamaa zao wa bara. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti waliokuwa wakijiuliza kwa nini makinda wa albatrosi wa Tristan wanakufa kwa wingi walitega kamera kando ya viota. Picha zilionyesha panya wakimpanda kinda usiku na kuanza kumtafuna akiwa hai. Kinda huyo anaweza kufikia kilo 10, uzito wa zaidi ya panya 200. Angeweza kumponda panya kwa mdomo mara moja. Hafanyi hivyo. Hukaa tu, kwa sababu hakuna chochote katika urithi wake kinachomwambia kwamba kile kidude kidogo ni adui. Kidonda hupanuka usiku baada ya usiku, na baada ya siku chache kinda hufa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba panya wa Gough wanaangamiza mayai na makinda zaidi ya milioni 2 kila mwaka. Albatrosi wa Tristan, ambao karibu wote duniani huzaliana hapo, wamewekwa katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Marion nako mambo yaligeuka. Mwaka 1977 Afrika Kusini iliingiza kirusi cha ugonjwa wa paka ili kuwapunguza, kisha wawindaji wenye bunduki wakafuata, wakizunguka usiku wakiwa na kurunzi. Kazi hiyo ilimalizika mwaka 1991, paka wa mwisho alipoondolewa. Petreli walianza kujikongoja. Lakini panya walibaki, na kisiwa kilikuwa kinazidi kupata joto. Baridi iliyokuwa ikiwaua panya wengi ilipungua makali, msimu wao wa kuzaa ukarefuka, nao wakaongezeka. Walikula wadudu na mbegu mpaka vikawa haba, na majira ya baridi yalipowabana wakageukia ndege. Dalili za kwanza za makinda wa albatrosi kushambuliwa zilionekana mwaka 2003. Kufikia 2015 mashambulizi yalikuwa yamesambaa, na makinda wengine walikutwa hai ilhali ngozi ya kichwa imeliwa. Mwaka 2023 ilithibitishwa kwamba hata albatrosi wakubwa waliokomaa wanauawa. Hilo ni pigo la aina nyingine, kwa kuwa mzazi anayekufa anakwenda na mayai yote ambayo angetaga katika miongo iliyobaki.

Wataalamu wanaoifuatilia Marion wanaonya kwamba spishi 19 za ndege wa baharini wanaozaliana huko zinaweza kutoweka kisiwani endapo panya wataachwa.

Hasara inayofika mpaka kwenye matumbawe

Msomaji anaweza kuuliza ndege wa visiwa vya mbali wanamhusu nini mtu asiyekanyaga huko. Jibu mojawapo limepatikana Chagos, funguvisiwa lililo katikati ya Bahari ya Hindi.

Baadhi ya visiwa vya Chagos vilipata panya weusi tangu enzi za mashamba ya minazi, vingine havikuwahi kupata. Kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Nicholas Graham wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, kililinganisha visiwa sita vyenye panya na sita visivyo nao, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Nature mwaka 2018. Katika visiwa visivyo na panya, ndege wa baharini walikuwa wengi mara 760 kwa eneo lilelile. Ndege hao hula samaki bahari kuu, hurudi kisiwani na kunya, na mvua husomba mbolea hiyo hadi baharini. Naitrojeni iliyowekwa ardhini na ndege katika visiwa salama ilikuwa mara 251 ya ile ya visiwa vyenye panya.

Watafiti hawakuishia ufukweni. Walizama kwenye miamba ya matumbawe iliyo mbele ya visiwa hivyo na kukuta kwamba uzito wa jumla wa samaki mbele ya visiwa visivyo na panya ulizidi kwa asilimia 48. Samaki wadogo wanaokula mwani walikuwa wakikua haraka zaidi. Samaki wanaotafuna na kukwangua miamba, ambao kazi yao huyapa matumbawe nafasi ya kushika upya baada ya kuharibiwa na joto la maji, walifanya kazi hiyo kwa bidii kubwa zaidi.

Kwa lugha ya mvuvi, panya anayekula yai juu ya mnazi anapunguza samaki kwenye mwamba ulio chini yake. Mvuvi wa pwani tayari anaijua sehemu ya uhusiano huo kwa macho yake: akiona kundi la membe likichota juu ya maji, anajua jodari wako chini.

Kazi isiyoruhusu nusunusu

Habari njema ni kwamba uharibifu huu una tiba, tofauti na mengine mengi yanayoikabili bahari. New Zealand ilianza kuondoa panya katika visiwa vidogo miongo mingi iliyopita, na mwaka 2001 ikakisafisha kisiwa cha Campbell chenye zaidi ya hekta 11,000. Mbinu ni ile ile hadi leo. Helikopta zinazoongozwa kwa satelaiti hupita mstari kwa mstari zikimwaga chambo chenye sumu inayozuia damu kuganda. Sumu hiyo huchukua siku kadhaa kuua, ili panya asihusishe chambo na maumivu akaacha kula. Kazi hufanywa majira ya baridi, panya wanapokuwa na njaa na ndege wengi wakiwa wameondoka.

Ugumu wake ni kwamba hakuna mafanikio ya asilimia 99. Wakibaki dume na jike, baada ya miaka michache kisiwa hurudi kilipokuwa na fedha zote zimepotea. Georgia Kusini, kisiwa cha Uingereza katika bahari ya kusini, kilisafishwa kwa awamu tatu kati ya mwaka 2011 na 2015 katika eneo la zaidi ya hekta 100,000. Hata hivyo hakuna aliyetangaza ushindi mpaka mwaka 2018, baada ya mbwa waliofunzwa kunusa kutembezwa kila upande wakakosa panya. Gough haikubahatika. Kampeni iliyoongozwa na shirika la Uingereza la kulinda ndege, RSPB, ilimwaga chambo mwaka 2021, na ndege wa aina mbili wenye asili ya hapo pekee, ambao wangeweza kula sumu, waliwekwa kwanza kwenye vizimba mpaka hatari ipite. Desemba mwaka huohuo kamera ikanasa picha ya panya. Makinda wengi walipona msimu ule kwa sababu panya walikuwa wamepungua mno, lakini kazi itabidi ianzwe upya.

Wapo wanaopinga sumu, na hoja yao haistahili kupuuzwa: panya naye ni kiumbe mwenye uchungu, na chambo huua pia baadhi ya ndege wanaokula mizoga. Wahifadhi hujibu kwa hesabu. Idadi ya ndege watakaokufa mara moja inaweza kukadiriwa na kuzibwa kwa kuzaliana upya. Idadi ya makinda watakaoliwa wakiwa hai mwaka hadi mwaka haina mwisho isipokuwa siku spishi yenyewe itakapokwisha. Kwa yeyote aliyeona picha za Gough, hoja ya pili ina uzito zaidi.

Bahari ya Hindi ina mifano ya kutia moyo. Tromelin ni kisiwa cha mchanga chenye eneo la takriban kilomita moja ya mraba, mashariki mwa Madagaska, kinachosimamiwa na Ufaransa. Jina lake limebeba historia chungu: mwaka 1761 meli ya Kifaransa iliyokuwa imebeba watumwa kutoka Madagaska ilivunjika hapo, mabaharia wakaondoka, makumi ya watumwa wakaachwa. Walipookolewa mwaka 1776 walikuwa wamebaki wanawake saba na mtoto mchanga mmoja. Wanaakiolojia wamekuta mifupa mingi ya membe katika mabaki ya makazi yao. Ndege ndio waliowafikisha siku ile. Panya waliofika kisiwani walikaribia kuwamaliza ndege hao. Mwaka 2005 panya waliondolewa, na katika miaka iliyofuata jozi za bubi, ndege wakubwa weupe wapiga mbizi, ziliongezeka kwa zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka. Baada ya hapo aina nyingine za ndege ambazo zilikuwa zimeacha kuzaliana kisiwani zilianza kutaga tena.

Shelisheli nayo ina mengi ya kuonyesha. Kisiwa cha Aride hakikuwahi kupata panya, na zaidi ya ndege milioni moja huzaliana humo katika eneo la hekta zisizozidi 75. Bird Island, ambako membe weusi hutaga kwa mamia ya maelfu, kilisafishwa panya katikati ya miaka ya 1990. Lakini mwaka 1995 panya wa kahawia waliingia kisiwa cha Frégate, ambacho kilikuwa makazi ya mmoja wa ndege adimu kuliko wote duniani, na ilichukua miaka mitano kuwaondoa.

Marion yenyewe inasubiri zamu yake. Wizara ya mazingira ya Afrika Kusini na shirika la BirdLife South Africa wameunda mradi wa pamoja unaopanga kumwaga takriban tani 600 za chambo kwa helikopta. Ukifaulu, kitakuwa kisiwa kikubwa kuliko vyote kuwahi kusafishwa panya wa nyumbani kwa mkupuo mmoja. Gharama yake inahesabiwa kwa makumi ya mamilioni ya dola, na wananchi wa kawaida wamealikwa kulipia hekta mojamoja.

Karibu na nyumbani

Tanzania na Kenya hazina albatrosi wanaotaga, lakini zina visiwa na zina ndege. Chumbe, kisiwa kidogo kusini mwa mji wa Zanzibar, kilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1994, na mwaka huohuo membe waridi, ndege adimu, walizaliana kwenye vijiwe vilivyo ncha ya kisiwa. Miaka mitatu baadaye panya weusi waliondolewa Chumbe. Ni ushahidi kwamba kazi hii inawezekana hapa bila helikopta, pale kisiwa kinapokuwa kidogo na mwenye kukisimamia amedhamiria.

Adui mwingine wa membe katika pwani hii ana mabawa. Kunguru wa India aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, enzi za utawala wa Waingereza, ili ale takataka za mji. Akavuka kwenda bara, akazagaa Dar es Salaam, Mombasa, Malindi na kwingineko, akila mayai na makinda wa ndege wenyeji. Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja kabla ya mwaka kwisha. Kiasi hicho kinatosha kuonyesha uamuzi mdogo wa afisa mmoja au wawili unavyoweza kulipiwa na vizazi vitano.

Mbali zaidi baharini, kusini-mashariki mwa Unguja, kuna Fungu Kizimkazi, ambacho ramani nyingi hukiita Latham. Ni fungu tambarare la mita 300 hivi kwa urefu, lisilo na mti, lililoinuka mita chache tu juu ya maji. Hapo ndipo bubi wenye barakoa nyeusi usoni wanapozaliana katika Afrika Mashariki, pamoja na membe weusi na membe wakubwa, na viota vyote viko chini, mchangani. Kaskazini ya Lamu, visiwa vidogo vya Kiunga hutagiwa na membe kwa msimu.

Kinga ya maeneo hayo ni nafuu kuliko tiba. Vyombo vinavyotia nanga karibu na mafungu vikaguliwe panya kabla ya kuondoka bandarini. Mabaki ya samaki na chakula yasiachwe ufukweni, kwa kuwa huvuta kunguru na kuwalisha panya. Mayai yasiokotwe, na watu wasishuke katika miezi ya kutaga, maana ndege anayefurushwa huacha yai wazi kwa jua na kwa kunguru. Na mamlaka za uvuvi, hifadhi na vyuo vikuu vya pande zote mbili za mpaka wapeleke watu wenye mitego na kamera wakahesabu viota, wapate kujua ni fungu lipi tayari lina panya na lipi bado, wakati idadi ya ndege bado inatosha kujirudisha yenyewe.